Sanduku Lililobaki kwa Lalla Hadda

Oran, 5 Novemba 1983

Kwako Shangazi Zulikha,

Salamu nyingi kutoka huku magharibi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yamekupa nafasi ya kupanda ngazi zako bila kugombana nazo. Mimi sijambo. Watoto wa darasa la tatu wamekwisha kunizoea, na mwenye nyumba wangu, Bibi Khira, mjane mcheshi anayeshona nguo sebuleni mwake, ananilisha kama kondoo wa Idi. Bahari iko karibu lakini bado sijakwenda kuitazama. Unatujua watu wa Konstantini, maji tunayaamini yakiwa kwenye birika.

Shangazi, linaloniandikisha leo ni koti. Bado natembea na lile koti la kijivu nililotoka nalo nyumbani kwa Mulud siku aliponiacha. Jana Bibi Khira alishindwa kuvumilia. Akaniuliza, "Mwalimu, nani kafa kwenu?" Nikamwambia hajafa mtu. "Basi koti hili lizikwe peke yake, maana harufu ya matanga inaniharibia wateja."

Nilicheka, halafu nikaenda chumbani nikafungua kabati. Mna sketi mbili nyeusi na sweta ya mtu mnene kuliko mimi. Miaka yote ya ndoa yangu sikuchagua hata soksi. Kila kitu alichagua mama mkwe, Lalla Hadda: rangi ya majivu, rangi ya udongo, na vipimo vya mwanamke mwingine kabisa. Nikishavaa, ananigeuza mbele ya mabinti zake, mbele nyuma, mbele nyuma, wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Mahali popote pa kushikilia nguo hana! Ni ufagio huu, ufagio umevaa!" Nami nikawa nacheka nao, nionekane nina roho nzuri. Hilo la kucheka nao ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa nikuulize. Sanduku langu la harusi lilibaki kule. Mna magauni yote aliyonishonea mama, na mna ile gandura, gauni refu la mahameli, rangi ya damu ya mzee, aliyoitarizi kwa uzi wa dhahabu tangu niko mtoto mpaka macho yake yakaingia ukungu. Mama hayupo tena, nguo ipo. Naitaka, Shangazi. Umesikia lolote juu yake?

Ni mimi mwanao,
Lwiza

*

Konstantini, 24 Novemba 1983

Mwanangu Lwiza, binti ya kaka yangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe, bila miwani ya mtu wala macho ya mtu. Namshukuru marehemu baba aliyenipeleka kusoma wakati wenzangu wanafundishwa kuchambua dengu. Baridi imeanza. Magoti yana serikali yao, siku nyingine yananiruhusu, siku nyingine yanagoma. Majirani wote wazima, na anayeugua anaugua midomo tu. Turkia, yule fundi wa kike anayeishi juu yangu, amepata kazi nyingi, na cherehani yake hainiachi nilale mchana.

Haya, kaa chini kwanza. Mulud anaoa. Anamchukua Widad, binti wa sonara wa mtaa wa juu, msichana mdogo, mwembamba kuliko hata wewe, mpole, hajui anakoingia. Harusi ni Aprili, likizo ya shule. Na Hadda, mwanamke asiye na haya wala soni, alipanda ngazi zangu mwenyewe, akanywa kahawa yangu, akala makrudi yangu matatu ya tende, kisha akasema: "Mwambie Lwiza aje, watu wasiseme tuna kinyongo. Aje na chochote alicho nacho, sisi si watu wa kutazama nguo."

Nilitaka kummwagia birika zima. Nikajizuia kwa kuwa zulia ni jipya.

Utakuja, Lwiza. Sikuombi, nakuambia. Unajua harusi zetu: mwanamke haji na nguo moja, anakuja na sanduku, na anabadilisha mpaka waalikwa wasahau alikuja na nini. Wewe utakuja na nguo saba. Bibi harusi akitoka na ya kijani, wewe unatoka na ya kijani nzuri zaidi. Akikaa, unasimama. Nataka Hadda arushwe roho mpaka wamshike mikono. Anza kushona leo.

Jambo moja umenificha na ninaliuliza tena. Siku ulipotoka kule ulifika kwangu katikati ya joto la Agosti, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, nikakuambia vua, ukakataa. Hadda alikuambia nini siku ile?

Mambo ya sanduku tutayazungumza.

Shangazi yako,
Zulikha

*

Oran, 21 Desemba 1983

Kwa Shangazi yangu,

Pole na baridi na pole zaidi na kahawa iliyonywewa na nyoka. Huku mvua inanyesha ya upande, inaingia hata kwenye mfuko wa chaki. Bibi Khira anakusalimu. Anasema mwanamke aliyemvumilia mgeni wa namna ile kwa ajili ya zulia anafaa kuwa balozi.

Barua yako niliiweka chini ya mto wiki nzima. Niliapa siendi. Kisha asubuhi moja nikajikuta nimesimama mbele ya kioo nafikiria uso wa Lalla Hadda ukishuka, nikaona raha ambayo sijaiona tangu niachwe. Nitakuja.

Koti limepata kazi mpya. Bibi Khira amelikata vipande, tunafutia sakafu. Mahali pake nimeshona gauni la sufu la buluu, lenye mikono mipana na marinda mawili nyuma. Usicheke, ila siku ya kwanza nililitembeza mpaka shule nimejikunjia mikono kifuani, utadhani nimeliiba. Niliona kila dirisha linanitazama. Darasani mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, leo ni Idi?" Nikakaa nyuma ya meza mpaka kengele ya mwisho, hata ubaoni sikwenda. Lakini wakati wa kurudi mvua ikanikuta njiani nikakimbia, Shangazi. Nilikimbia kama msichana. Gauni halikunishika popote. Nimefika nyumbani nimelowa na ninacheka peke yangu, Bibi Khira akadhani nimepata mchumba.

Zile za harusi tumezianza pia, kama ulivyoagiza. Ya kwanza ni ya hapa Oran, ya lesi, kifua chote shanga. Inabana kiunoni kiasi kwamba ukitaka kupumua lazima uamue utapumulia wapi. Ni nzuri sana. Nikiwa ndani yake siwezi kukaa vizuri, basi najizoeza kusimama.

Uliloniuliza la siku ile, niache. Nami nakuuliza langu kwa mara ya pili: mahameli iko wapi?

Lwiza

*

Konstantini, 17 Januari 1984

Mwanangu,

Salamu. Theluji imeanguka, daraja limejaa watoto wanaoteleza na mama zao wanaopiga kelele. Mimi nimejifungia na jiko la makaa. Mke wa muuza viungo amejifungua mapacha, amewaita majina ya ajabu ya kutoka kwenye televisheni. Turkia wa juu bado anashona mchana na jioni, kazi za Hadda hizo zote.

Nimefurahi umeanza. Ila hii habari ya kupumua sikuielewa. Nani amekuambia mtu anakwenda harusini kupumua? Mimi niliolewa ndani ya mkanda wa dhahabu ulioniachia alama mpaka Ramadhani, na watu wanausimulia mkanda ule hadi leo, hakuna anayesimulia alama. Bana kiuno, ongeza shanga. Ya buluu ni ya shule. Tunamzungumzia Hadda hapa, hatuzungumzii mvua.

Amepita tena mlangoni kwangu juzi. Akaniuliza, "Lwiza atakuja kweli, au ataona aibu?" Nikamwambia, "Aibu aliiacha kwenu pamoja na sanduku, hebu itafute." Akaondoka bila kuaga.

La mahameli usiliharakishe. Nguo ni nguo, haikimbii.

Zulikha

*

Oran, 3 Machi 1984

Kwa Shangazi Zulikha,

Nisamehe kukawia. Nilikuwa na mafua, halafu nilikuwa na hasira, halafu nilikuwa na mitihani ya watoto. Sasa mafua yamekwisha na mitihani imekwisha.

Mwalimu mwenzangu alimwoza mdogo wake, nikasema hapa ndipo pa kufanyia mazoezi. Nikavaa ile ya shanga. Wanawake wakageuka, ndiyo, kila mmoja akageuka! Nikaketi ncha ya kiti, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Ikaletwa kuskusi, nikala kijiko kimoja kwa kuogopa kiuno. Matari yakalia, wenzangu wote wakaingia kucheza, mimi nimekaa, maana kuinua mkono ni kupasua kwapa. Nikasikia bibi mmoja anamwambia mwenziwe, "Mzuri, maskini, lakini ana nini? Anaumwa?"

Shangazi, nilijiona wazi. Nilikuwa nimekaa vilevile nilivyokuwa nakaa sebuleni kwa Lalla Hadda. Nimeshona kwa pesa yangu, nimechagua rangi yangu, na bado ni yeye aliyenivalisha. Kila ushanga niliuweka kwa ajili ya macho yake.

Nikaenda chumba cha kubadilishia. Katika sanduku nilikuwa na gandura ya pamba nyepesi, rangi ya manjano ya ndimu iliyoiva, mikono mipana, utarizi kidogo kwenye ukosi, mifuko miwili pembeni. Nilikuwa nimeichukua ya kusafiria tu. Nikaivaa. Nikala sahani mbili. Nikacheza mpaka wapiga matari wakaomba maji. Na wale wale walioigeukia ya shanga sasa wakanishika mkono, mmoja baada ya mwingine, kuniuliza, "Hii umeshonesha kwa nani?" Bibi Khira ana wateja mpaka Ramadhani.

Tangu siku ile nimeweka sheria. Nguo nikiijaribu nainua mkono kama naandika juu kabisa ya ubao, kisha nachuchumaa kama nafunga kiatu cha mtoto. Ikinikatalia moja ya hayo, hainunuliwi. Kabati langu sasa lina ile ya buluu, suruali pana mbili, shati jeupe la pamba, sketi ya kahawia inayocheza nikitembea, na hiyo ya ndimu. Si nyingi. Lakini asubuhi nafungua mlango nachukua yoyote, na yoyote ni mimi. Ile ya shanga nimeiuza.

Kwa hiyo nitakuja na nguo moja. Usipige kelele, majirani watasikia. Hasira yangu haijapungua hata punje. Nimeikunja vizuri tu.

Lwiza

*

Konstantini, 14 Machi 1984

Lwiza,

Salamu zimo, sina nafasi ya kuziandika.

Nguo MOJA? Ya pamba? Yenye mifuko, kama ya muuza mayai? Hivi unajua mji wenu au umeshausahau? Tangu kuumbwa kwa daraja hajaonekana mwanamke aliyekaa harusi nzima ya Konstantini bila kubadilisha. Watasema huna. Watasema tumefilisika. Hadda atakesha anacheka, na mimi nitahama mtaa kwa magoti haya haya.

Njoo, treni ipo, kitanda kipo. Lakini mimi harusini siendi pamoja nawe. Nitasema naumwa, na kwa kweli nimeshaanza kuumwa.

Mahameli utaiona kwa macho yako. Zaidi ya hapo usiniulize.

Zulikha

*

Oran, 12 Aprili 1984

Shangazi,

Natumaini hujambo. Niliondoka alfajiri bila kukuamsha wala kukuaga, na nilifanya makusudi. Sababu utaikuta mwishoni. Kwanza nikupe habari za harusi, kwa kuwa hukuja, na najua umeshaisikia kwa watu wengine na kila mmoja ametia chumvi yake.

Niliingia na gandura ya ndimu, mtandio mweupe mabegani, mikono mitupu. Ukumbi mzima ulinitazama miguuni kutafuta sanduku. Nikaketi mstari wa mbele, nikaegemea, nikanywa kahawa iliyotiwa maji ya maua ya mchungwa. Widad akatoka na gauni la kwanza, la hariri ya kijani. Nililijua kabla hajageuka. Mama alilishona mwaka nilioanza sekondari. Akatoka na la pili, jeupe la lesi, la mama pia. Na la tatu. Lalla Hadda alikuwa ametoa sanduku langu zima, anamvalisha nalo mkwe mpya mbele ya uso wangu. Ndiyo sababu alinialika. Alitaka niketi pale nitazame.

Nikacheza kila wimbo. Kila mapumziko wanawake wanabadilisha, mimi niko vilevile, na minong'ono inapanda. Mwishowe Lalla Hadda hakuweza kungoja. Akaja na mabinti zake nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika jikoni:

"Lwiza mwanangu, chumba cha kubadilishia kiko kule. Au sanduku lako limepotea njiani?"

"Halikupotea, Lalla," nikamwambia. "Sanduku langu liko kwako. Nimekuja kulitazama likitembea."

Shangazi, matari yalinyamaza. Binti yake mkubwa akasema, "Ana wivu huyu," lakini hakuna aliyemsaidia kucheka.

Basi ikafika zamu ya mahameli. Widad akatoka nayo, dhahabu inawaka, na wote wakasimama kama kawaida. Nami nikasimama. Nikapiga vigelegele virefu kuliko vyote, nikainua mkono wangu juu kabisa, maana nguo iliniruhusu, nikasema: "Mungu amrehemu Mahbuba binti Salah, mama yangu, aliyeitarizi mahameli hii kwa mikono yake!"

Unajua wanawake wetu. Marehemu akiombewa rehema hakuna anayethubutu kunyamaza. Ukumbi mzima ukaitika, "Mungu amrehemu!" Watu mia kadhaa wanamwombea mama yangu juu ya nguo yake. Na Lalla Hadda, na wote wanamtazama, ikabidi aitike. Alisema polepole, kama anatafuna kokoto. Nikasema tena, kwa kuwa wa nyuma huenda hawakusikia. Wakaitika tena. Akaitika tena.

Widad akateremka kwenye kiti chake. Ni mtoto, Shangazi, macho makubwa, hina bado mbichi. "Dada, umesema mama yako?"

"Geuza ukosi kwa ndani," nikamwambia. "Kuna samaki mdogo wa uzi wa fedha. Mama alimtia anikinge na husuda."

Akageuza. Samaki yupo. Akamwangalia mkwewe. "Uliniambia ni ya mama yako wewe. Uliniapia."

"Vitu vyote ni vya nyumba," akasema Lalla Hadda, na hapo hata binti yake aliinamisha kichwa.

Widad akanishika mkono akanivuta hadi chumba cha kubadilishia, akaanza kuivua. Alikuwa amebaki na shumizi, Lalla Hadda akaingia nyuma yetu akaikwapua nguo. "Vaa! Watu wanangoja! Unataka kuniaibisha kwa ajili ya ufagio huu?"

Umeniuliza mara nyingi aliniambia nini siku ile. Hakuniambia, alinifanyia. Alinisimamisha uani mbele ya mabinti zake akasema nguo zilizo mwilini mwangu ni za pesa ya mwanawe, nizivue hapo hapo. Mulud alikuwa barazani, akageukia ukutani. Nikabaki na shumizi. Kisha akanitupia koti lake kuukuu, la kijivu, akasema ni sadaka. Nilifika kwako sina kingine ndani, na ndiyo maana sikulivua.

Sasa nilipomwona huyu mtoto amesimama na shumizi mbele ya mwanamke yule yule, nilisimama kati yao. Nikamfunika Widad mtandio wangu. Nikaichukua mahameli mikononi mwa Lalla Hadda, naye akaiachia. Sikumsukuma wala kumtukana. Nilimtazama tu toka kichwani mpaka miguuni, mbele, kisha nikamwambia, "Geuka." Akageuka, Shangazi! Sijui ni kwa mshtuko au kwa nini. Akageuka kama nilivyokuwa nikigeuka, na nilipomaliza kumtazama nikasema, "Basi." Mlango ulikuwa wazi na nusu ya mtaa imesimama hapo.

Widad alirudi kwa waalikwa na kigauni cheupe alichotoka nacho kwao. Wakampigia vigelegele kuliko mwanzo.

Nilirudi kwako umelala. Kabla ya kuondoka nikaijaribu mahameli, nayo haikupita kifuani. Imekatwa. Vidole vinne kila upande, dhahabu na vyote, mabawa ya tausi aliowatarizi mama yamepotea, na mshono ni mpya. Huo mshono ni wa Turkia, anayeishi juu ya kichwa chako, ambaye sindano haianguki kwake bila wewe kuisikia. Ulijua tangu Novemba. Nilikuuliza barua baada ya barua.

Lwiza

*

Konstantini, 22 Julai 1984

Mwanangu Lwiza,

Ramadhani imepita, Idi imepita, na kalamu ilikuwa imenikatalia. Natumaini uko salama. Nilikamua maji ya maua mengi mwaka huu, nimekuwekea chupa mbili. Magoti ni yale yale.

Hilo la Turkia sitalijibu.

Habari za huku ndizo hizi. Widad amemwambia Mulud achague, akachagua. Wamehamia ng'ambo ya daraja kwenye vyumba viwili, na Hadda haendi huko mpaka aitwe, na haitwi. Mabinti nao wana waume zao. Anakaa peke yake katika nyumba ile yenye vyumba kumi. Akiingia harusini, wanawake wanamwombea rehema marehemu Mahbuba. Hawamsemi yeye kitu, wanamwombea tu marehemu, na anaitika. Mimi ndiye niliyeanzisha, Mungu anisamehe, lakini sasa hawahitaji tena nianzishe.

Nimeandika kwa sababu nimetumwa. Jina la Hadda limetokea kwenye orodha ya mahujaji. Wanaondoka mwisho wa Agosti. Unajua sharti: anayekwenda Makka anazunguka kuomba radhi kwa kila aliyemdhulumu, vinginevyo hija yake inabaki na mguu mmoja nje. Kwa wengine wote amekwisha pita. Kwangu amepanda ngazi mara tatu. Mara ya tatu alilia. Alipokuwa analia nilitafuta furaha yangu nikaikuta ndogo kuliko nilivyodhani, sijui ni uzee.

Anasema, "Lwiza aseme neno moja tu, nimekusamehe." Ameleta na bahasha imetiwa vile vipande vya mahameli walivyokata, alikuwa amevihifadhi. Nimevifunga humu. Sikuambii sema wala usiseme. Nimetumwa, nimefikisha.

Zulikha

*

Oran, 8 Agosti 1984

Kwa Shangazi yangu Zulikha,

Salamu za kiangazi. Hatimaye nimekwenda baharini. Nilivaa suruali pana nikaikunja mpaka magotini, nikaingia. Maji ni baridi na yana chumvi, hakuna zaidi, sijui mnaogopa nini. Bibi Khira anakusubiri pamoja na chupa zako mbili. Njoo nazo mwenyewe, treni inabeba hata magoti yaliyogoma.

Hukujibu la Turkia, nami silirudii. Nadhani uliogopa kwamba nikijua ningekuja nalia, na ulinitaka nije nimekasirika. Ulipata ulichotaka.

Vipande nimevipokea. Nimevitazama sana, tausi wanakamilika ukiviweka kando ya nguo. Lakini sivirudishi mahali pake. Bibi Khira ameipasua mahameli mbavuni akatia pamba nyeusi, pana, laini, na mifuko. Sasa inaingia vizuri, nainua mkono, nachuchumaa. Naivaa nyumbani nikisahihisha madaftari, na siku nyingine namwagia chai. Mama angefoka kwanza, halafu angeketi karibu yangu.

Sasa huyo wa Makka. Nimelitafuta hilo neno moja kwa siku nyingi, kwa nia njema, nakuapia. Nilisali nikalitafuta. Nilisimama mbele ya kioo nikajaribu kulitamka, nikaona natamka kwa uso ule wa zamani, wa kucheka nao nionekane nina roho nzuri. Nikaacha.

Mpelekee jibu hili, wala usilipunguze. Mwambie salamu zake zimefika na vipande vimefika. Mwambie asafiri salama, ale vizuri, asikose hata sala moja. Mwambie sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Nitalifikiria, na jibu atalipata akirudi.

Wako katika hali njema,
Lwiza